Lebo moja, paneli nyingi: jinsi ninavyoandika mihimili ya pamoja

Grafu yenye paneli 6 (michoro midogo ndani ya picha moja), kila moja ikiwa na "Joto la wastani (°C)" pembeni na "Mwezi" chini, inabeba lebo 12. Kati ya hizo, 10 hazimwambii msomaji jambo lolote jipya. Na si kwamba zimekaa tu bila faida: kila moja imechukua nafasi ambayo ingekuwa ya data. Paneli zinabanwa, mistari inakosa pumzi, na jicho linalotafuta tofauti kati ya kituo kimoja cha hali ya hewa na kingine linajikwaa kwenye maneno yaleyale tena na tena.

Kazi yangu ni kuchora grafu kwa msimbo, mara nyingi kwa Python, wakati mwingine kwa R, na hakuna swali ninaloulizwa na wenzangu kama hili: nifanyeje lebo iwe moja tu, katikati, kwa paneli zote? Jibu la haraka ni mistari miwili ya msimbo, na nitaiweka hapa chini. Ila ukiinakili bila kujua unachokiahidi, unaweza kupata picha nzuri inayomdanganya msomaji.

Tunaposema paneli "zinashiriki mhimili", tunafunga mambo matatu katika neno moja. Kuna skeli, yaani mhimili unaanzia wapi na kuishia wapi. Kuna namba zilizoandikwa kando ya mhimili. Halafu kuna lebo yenyewe, inayosema ni kitu gani kimepimwa na kwa kizio gani. Programu za kuchora hazichukulii mambo haya kuwa kitu kimoja. Unaweza kuwa na skeli moja na namba kila mahali, au lebo moja juu ya skeli zinazotofautiana. Karibu matatizo yote niliyowahi kuombwa kuyatatua yalianzia hapo: mtu amerekebisha moja akidhani yote matatu yamefuata.

Lebo moja iliyosimama katikati inamwambia msomaji kwamba paneli zote zimepimwa kwa rula moja. Kwa hiyo kabla ya kufungua kihariri chako, jiulize kama hilo ni kweli.

Tuseme ni kweli: vituo 6 vya hali ya hewa, joto la kila mwezi, kizio kimoja. Kwa matplotlib, maktaba ya Python ya kuchora grafu, nikiwa na jedwali `data` lenye safu za kituo, mwezi na joto, naandika hivi:

```python
import matplotlib.pyplot as plt

fig, axs = plt.subplots(2, 3, sharex=True, sharey=True,
                        figsize=(7, 4.5), layout="constrained")

for ax, (jina, d) in zip(axs.flat, data.groupby("kituo")):
    ax.plot(d["mwezi"], d["joto"])
    ax.set_title(jina, fontsize=9, loc="left")

fig.supxlabel("Mwezi", fontsize="medium")
fig.supylabel("Joto la wastani (°C)", fontsize="medium")
```

Hapa `sharex` na `sharey` zimeshughulikia mambo mawili ya mwanzo: skeli imekuwa moja, na namba za paneli za ndani zimefichwa zenyewe, zikabaki za chini na za kushoto tu. `supxlabel` na `supylabel` zimeleta la tatu. Amri hizi mbili ziliingia katika toleo la 3.4, mwaka 2021, ndiyo maana majibu mengi ya zamani utakayokutana nayo hayazitaji. Ukubwa wa herufi nimeuandika kwa makusudi, kwa kuwa kwa kawaida lebo hizi hutoka kubwa kidogo kuliko lebo za mhimili wa paneli moja, na tofauti hiyo huonekana vibaya ukiweka grafu mbili za aina hizo katika ripoti moja.

Majibu hayo ya zamani yatakuelekeza kwenye `fig.text(0.5, 0.02, "Mwezi", ha="center")`. Inafanya kazi, lakini mpangilio wa paneli haujui kwamba maandishi hayo yapo, kwa hiyo hauyaachii nafasi. Leo yanakaa vizuri. Kesho namba za mhimili zinaongezeka tarakimu moja na zinaangukia juu ya lebo. Njia nyingine ya zamani ni kuchora paneli kubwa isiyoonekana juu ya zote na kuipa lebo. Ilitusaidia sana enzi zake. Sasa sioni sababu ya kuianza upya katika msimbo mpya, kwani kila anayekuja kuusoma baadaye atahangaika kuelewa paneli hiyo ya siri ina kazi gani.

`layout="constrained"` usiiache. Ndiyo inayopima lebo, namba na vichwa, kisha ikagawa nafasi iliyobaki.

Sasa kuna mtego unaowashangaza hata wazoefu. Ukishatumia `sharey`, paneli hazishiriki mipaka peke yake; zinashiriki pia kile kinachopanga na kuandika namba za mhimili. Ukiandika `ax.set_yticklabels([])` kwenye paneli moja ili kufuta namba zake, namba zinafutika kwenye paneli zote. Ukiita `set_ylim` kwenye moja, zote zinafuata. La pili ni zuri, ndilo ulilolitaka. La kwanza ndilo linalowafanya watu wadhani maktaba ina hitilafu. Namba za paneli moja zinafichwa au kurudishwa kwa `tick_params`, kwa kuwa hiyo hugusa mwonekano wa paneli husika bila kugusa kile kinachoshirikiwa.

Amri hiyohiyo ndiyo dawa ya tatizo la paneli 5 kwenye gridi ya nafasi 6. Nafasi ya mwisho ikibaki tupu, paneli iliyo juu yake hubaki bila namba za mhimili wa x, maana matplotlib ilikwisha kuzificha ikitegemea paneli ya chini izionyeshe. Msomaji anafika pale, anashuka chini kutafuta mwezi, anakuta uwazi.

```python
axs[1, 2].set_axis_off()
axs[0, 2].tick_params(labelbottom=True)
```

Ile nafasi tupu, kwa njia, ni mahali pazuri sana pa kuweka ufunguo wa rangi za mistari. Mimi huutoa ndani ya paneli na kuuhamishia hapo kila ninapoweza.

Jambo jingine ambalo wengi hawaligundui hadi karatasi imeshachapwa: `supxlabel` hukaa katikati ya picha nzima, si katikati ya paneli. Picha ikiwa na paneli peke yake, tofauti haionekani. Ukiongeza mwamba wa rangi (colorbar, ule ukanda unaoonyesha kila rangi ni thamani gani) upande wa kulia, paneli zote husogea kushoto ilhali lebo imebaki palepale, na sasa imeegemea upande. Mtu hawezi kusema mara moja kasoro iko wapi, ila anaiona. Suluhisho langu ni kuiuliza picha yenyewe paneli zimeanzia na kuishia wapi:

```python
fig.draw_without_rendering()
kushoto = axs[-1, 0].get_position().x0
kulia = axs[-1, -1].get_position().x1
fig.supxlabel("Mwezi", x=(kushoto + kulia) / 2)
```

Mstari wa kwanza unalazimisha mpangilio ukamilike, la sivyo utasoma vipimo vya kabla ya kupangwa. Ukibadilisha `x` peke yake, kimo cha lebo kinaendelea kupangwa chenyewe, hivyo huna haja ya kukisia `y`. Kwa lebo ya wima fanya vivyo hivyo kwa `y0` na `y1`, hasa kama picha ina kichwa kikubwa juu.

Turudi kwenye lile swali la rula moja, kwa sababu mara nyingi jibu ni "kwa sehemu tu". Chukua vituo vilevile, lakini safumlalo ya juu ionyeshe joto na ya chini ionyeshe mvua. Miezi ni ileile, ila nyuzi na milimita haziwezi kuwa chini ya lebo moja. Hapa `sharex=True` inabaki, na `sharey` inapewa neno "row", yaani kila safumlalo ishiriki skeli yake:

```python
fig, axs = plt.subplots(2, 3, sharex=True, sharey="row",
                        layout="constrained")
axs[0, 0].set_ylabel("Joto (°C)")
axs[1, 0].set_ylabel("Mvua (mm)")
fig.align_ylabels(axs[:, 0])
fig.supxlabel("Mwezi")
```

`align_ylabels` inaonekana ndogo, ila mimi siiachi. Namba za mvua zinaweza kufika tarakimu 3 wakati za joto ni 2, na bila amri hiyo lebo moja itasukumwa nje zaidi ya nyingine.

Hali ngumu zaidi ni ile ambayo kizio ni kimoja lakini ukubwa unapishana mno. Kituo kimoja kinapata mvua nyingi mara kadhaa kuliko kingine, na kwenye skeli moja kituo kikavu kinakuwa mstari uliolala sakafuni. Kishawishi ni kuzima `sharey`, kila paneli ijipimie, na kubakiza lebo moja "Mvua (mm)". Kwa maana ya maneno lebo hiyo ni ya kweli. Lakini macho hayasomi lebo kwanza, yanalinganisha vimo. Msomaji ataona vilele viwili vilivyolingana na kuondoka akiamini mvua ni sawa.

Msimamo wangu ni kwamba skeli moja ndiyo chaguo la kuanzia, na kuiacha kunahitaji sababu inayosemeka. Kama swali ni "wapi mvua ni nyingi zaidi", basi yule mstari uliolala ndio jibu lenyewe, uache ulale. Kama swali ni "msimu unaanza lini kila mahali", hapo umbo ndilo muhimu, na skeli huru zina haki yake. Katika hali hiyo onyesha namba kwenye kila paneli bila kuficha hata moja, kisha andika waziwazi chini ya kichwa kwamba skeli zinatofautiana. Au badilisha kipimo chenyewe: gawa mvua ya kila mwezi kwa jumla ya mwaka ya kituo husika, uchore asilimia. Skeli inarudi kuwa moja, lebo inarudi kuwa moja, na hakuna anayepotoshwa. Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, ingawa inakudai ufikiri kidogo zaidi kabla ya kuchora.

Wanaotumia R wana nafuu kubwa. Katika ggplot2, maktaba ya R ya kuchora grafu, `facet_wrap` na `facet_grid` huweka lebo moja kwa kila mhimili bila kuombwa, na `facet_wrap` inajua yenyewe kuandika namba chini ya paneli iliyo juu ya nafasi tupu. Pale vizio vinapotofautiana, hila ninayoitumia ni kuhamisha vichwa vya paneli vikae kushoto, nje ya namba, vifanye kazi ya lebo:

```r
ggplot(data, aes(mwezi, thamani)) +
  geom_line() +
  facet_wrap(~ kipimo, ncol = 1, scales = "free_y",
             strip.position = "left",
             labeller = as_labeller(c(joto = "Joto (°C)",
                                      mvua = "Mvua (mm)"))) +
  labs(x = "Mwezi", y = NULL) +
  theme(strip.placement = "outside",
        strip.background = element_blank())
```

Usisahau `y = NULL`. Bila hiyo, neno "thamani" litasimama pembeni mwa kila kitu likiwa halina maana yoyote.

Ikiwa grafu zako zilichorwa mojamoja na sasa unaziunganisha kwa patchwork, kifurushi cha R cha kuunganisha grafu, tangu toleo la 1.2.0 kuna `plot_layout(axis_titles = "collect")`, inayokusanya lebo zinazofanana kuwa moja. Zifanane kabisa: nafasi moja ya ziada kabla ya mabano inatosha kuzitenganisha. Kwa R ya msingi, acha pambizo la nje kwa `par(oma = c(3, 3, 0, 0))`, kisha `mtext("Mwezi", side = 1, outer = TRUE, line = 1)`. Plotly, maktaba nyingine ya kuchora grafu kwa Python, nayo ina `x_title` na `y_title` ndani ya `make_subplots`. Na kwa seaborn, maktaba ya Python iliyojengwa juu ya matplotlib, ambayo hurudia lebo kwenye kila paneli ya pembeni, zifute kwa `g.set_axis_labels("", "")` halafu tumia `g.figure.supxlabel` kama kawaida.

Kuna faida moja ya lebo ya pamoja ambayo sijaona ikitajwa sana. Lebo zetu huwa ndefu. "Wagonjwa wapya kwa kila watu 100,000" haiwezi kusimama wima kwenye paneli yenye kimo cha sentimita 4 bila kupunguzwa herufi hadi zisisomeke, na hapo ndipo watu huanza kukata maneno na kuacha kizio. Ikisimama kando ya picha nzima, ina nafasi ya kutosha. Tumia nafasi hiyo kuandika lebo kamili, kizio kikiwemo.

Na upana wa picha uupange mwanzoni, kwa kipimo halisi cha ukurasa itakapowekwa, ndipo ushughulikie lebo. Ukichora kubwa kisha ukaipunguza ndani ya ripoti, herufi nazo zinapungua, na kila ulichopanga kuhusu ukubwa wa lebo na nafasi kati ya paneli utakipanga upya.