Nusu ya tofali si nusu: maswali yenu ya kupima na kukata matofali

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa watu waliosimama katikati ya boma, tofali mkononi na fundi pembeni anasubiri jibu. Ili nisirudie rudie: hesabu zangu zinahusu tofali la bloku lililozoeleka, urefu milimita 450, kimo 225, unene 150 kwa lile la inchi 6. Jointi, yaani tabaka la mota kati ya tofali na tofali, naihesabu milimita 12. Kozi ni safu moja ya matofali.

Fundi, nataka chumba cha mita 3.6 kwa 3.6 ndani kwa ndani. Mwashi wangu anasema kila kozi lazima akate tofali. Ni kweli, au anaongeza kazi ili aongeze bei? (Chanika)

Ni kweli, ila kosa si lake. Ni la aliyechora.

Tofali moja pamoja na jointi yake ni milimita 462. Sasa fikiria chumba kikitazamwa kutoka juu, kozi ya kwanza ikizunguka kama mapanga ya feni: kila ukuta unafika mwisho kwenye kona moja, na kwenye kona nyingine unaishia ubavuni mwa mwenzake. Kozi ya pili inazunguka upande wa pili. Ukijenga hivyo, nafasi ya ndani ni 462 mara idadi ya matofali, kisha unatoa unene wa tofali moja. Matofali 8: 3696 kutoa 150, unabaki na 3546. Chumba cha mita 3.55, na hakuna tofali hata moja lililokatwa zaidi ya yale ya mlangoni na dirishani.

Wewe unataka 3600. Umezidisha sentimita 5 na nusu, na hizo ndizo zinazomlazimisha mwashi akate kipande kila kozi, kuta nne, mpaka kwenye linta, ile boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha. Akitaka kuzificha kwenye jointi, kila moja itafika milimita 19, na huo sasa ni ukuta wa mota wenye matofali ndani yake. Jointi ya 15 naikubali. Itakupa chumba cha 3570. Kaa naye mkubaliane kupunguza sentimita 3 au 5. Kitanda chako hakitajua.

Jambo moja zaidi, maana najua litaleta ubishi. Kwa mpangilio huu jointi hazipishani kwa nusu ya tofali, zinapishana kwa theluthi hivi, kama sentimita 16. Mafundi wengi hawapendi, kwa hiyo wanachomeka kipande cha vidole vinne karibu na kona ili warudi kwenye nusu. Kipande hicho ndicho kibaya. Kupishana kwa robo ya tofali, yaani sentimita 11 na kidogo, kunatosha, na theluthi inatosha zaidi. Kama kipande hakiepukiki, kiwe kikubwa kuliko robo ya tofali na kikae katikati ya ukuta au chini ya dirisha, siyo kwenye kona wala ubavuni mwa mlango.

Shikamoo fundi. Nakata nusu kwa umakini kabisa, sentimita 22 na nusu, lakini ubavu wa mlango unatoka meno: kozi moja ndani, moja nje. Nakosea wapi? (Kibaha)

Marahaba kijana. Hukosei kukata, unakosea kupima. Nusu mbili zikijengwa pamoja zina jointi katikati yake, na zote tatu zinatakiwa zitoshee pale panapokaa tofali zima. Toa 12 kwenye 450 unapata 438, gawa kwa mbili: 219. Nusu yako ni sentimita 21.9. Ukikata 22.5 kila moja, umeongeza milimita 6 upande mmoja, na kama ni kijiukuta kati ya madirisha mawili chenye nusu huku na huku, umeongeza 12.

Hili nililijua kwa aibu. Nikiwa bado saidia fundi niliachiwa rundo nikate nusu zote za madirisha ya mbele. Nilizikata usiku usiku ili nisifiwe asubuhi, zote katikati barabara. Fundi alipofika kozi ya nne akaniita, akanipa timazi nishike mwenyewe, hakusema neno. Ukuta ulikuwa kama ngazi. Nilitumia siku nzima kuchonga kile nilichokuwa nimekata.

Kata kigezo cha ubao cha 219, kiweke juu ya tofali, chora, kata. Usipime kila tofali kwa futikamba. Mkono ukichoka macho nayo yanachoka.

Matofali yangu nikigonga tindo yanapasuka vipande vitatu, hayafuati mstari. Aliyeniuzia anasema anatoa 35 kwa mfuko mmoja wa saruji. Ni tindo langu au ni tofali? (Morogoro)

Twende kwa hesabu. Tofali la inchi 6 lina ujazo wa lita 15 na kidogo. Matofali 35 ni kama lita 530. Mfuko wa kilo 50 una takriban lita 35 za saruji. Gawanya: ndoo moja ya saruji kwa ndoo zisizopungua 15 za mchanga. Mimi kwa tofali la ukuta sivuki 8. Huyo amekuuzia mchanga uliopewa umbo.

Hata hivyo usimtupie lawama zote, kwa sababu tofali zuri nalo hupasuka ovyo likikatwa changa. Ulizia lilifyatuliwa lini na lilimwagiliwa siku ngapi. Lililomwagiliwa siku 7 mfululizo kivulini na kukaa mpaka siku 28 hukatika kwa adabu. La siku 4 lililoachwa juani unagonga kama mkate mkavu.

Kisha namna ya kukata. Lilaze juu ya mchanga, siyo juu ya sakafu ngumu wala juu ya tofali jingine. Chora mstari nyuso zote nne. Tindo liwe bapa, lile pana. Pitisha mapigo mepesi kando ya mstari mzima, geuza, pitisha tena, geuza, mpaka umezunguka nyuso nne mara mbili hivi. Sauti itabadilika, tofali zima hulia kavu, lililoanza kuachia hulia kama chungu chenye ufa. Hapo ndipo pigo moja la nguvu. Anayevunjavunja ni yule anayeanza na hilo la mwisho.

Tumenunua grainda ndogo tuharakishe. Kuna mtu anatushauri tuvue kinga tufunge diski kubwa ya inchi 9 ili ikate mara moja. (Tabata)

Msifanye. Grainda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski ya inchi 9 imeandikwa kikomo chake, mara nyingi karibu 6,600. Ukiizidishia karibu mara mbili inaweza kupasuka, na vipande vyake haviulizi nani kasimama wapi. Nimeona mguu ulioshonwa kwa ushauri kama huo.

Diski ya inchi 9 kwenye mashine yake halali yenyewe inaingia sentimita 6 na nusu hivi, kwa hiyo tofali la inchi 6 bado utaligeuza ukate pande mbili, na katikati patabaki unene wa kidole wa kumalizia kwa tindo. Ndogo yenu inaingia kama sentimita 3. Inatosha: chora mfereji nyuso nne kwa diski ya almasi, malizia kwa pigo. Mstari unatoka safi na mashine haikoromi.

Ila ninachotaka msikie zaidi ni vumbi. Mchanga wa tofali una chembe za silika, na grainda inazisaga mpaka zinakuwa laini kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu, zikabaki huko. Zinatia makovu, ugonjwa unaitwa silikosisi, hauna tiba, na mwenye nao hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Haujitokezi leo wala kesho, ndiyo maana vijana wanacheka. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii chembe hizo. Tafuteni barakoa ya N95 au FFP2, kateni mahali penye upepo na upepo uwe mgongoni, na mvae miwani ya kinga. Matofali yaloweshwe maji kabla ya kukatwa. Vumbi linapungua sana. Lakini kumwagia maji kwenye diski huku mashine ya umeme wa kawaida ikizunguka, hapana. Hapo mtakuwa mmekwepa mapafu mkaangukia umeme.

Rundo la kwanza liliisha, nikaongeza matofali kutoka kwa mfyatuaji mwingine. Wote wanasema ni "18 kwa 9". Sasa kozi hazilingani. (Mbeya)

Kalibu moja imechomelewa kwa milimita, nyingine kwa inchi. Inchi 18 ni milimita 457, siyo 450. Inchi 9 ni karibu 229, siyo 225. Panga matofali 10 chini yakigusana, pima: yakitoa mita 4.5 ni ya kalibu ya kwanza, yakitoa 4.57 ni ya pili. Usiyachanganye kwenye kozi moja. Tumia mapya kwa ukuta wa ndani unaojitegemea, au uzio, au choo cha nje. Na usinunue rundo la nyongeza bila futikamba mfukoni.

Ndoano ya futikamba yangu inacheza. Niigonge ikaze? (Ukerewe)

Acha kabisa. Inacheza kwa makusudi, kiasi cha unene wake wenyewe: ukivuta inasogea nje, ukisukuma inaingia ndani, kipimo kinabaki kilekile. Ikicheza zaidi ya hapo, anza kupima kwenye alama ya sentimita 10, na ukumbuke kuzitoa. Wanaosahau kuzitoa ni wengi, nami nimo.

Tumejenga kozi 9 tukamimina linta. Fremu ya mlango ya mita 2.1 haiingii baada ya vigae. (Kigamboni)

Kozi moja pamoja na jointi yake ni 225 na 12, yaani 237. Kozi 9 mara 237 ni 2133. Sakafu na vigae vimekula kama sentimita 5, umebaki na 2083. Fremu yako ni 2100. Linta usiiguse, chuma kilichomo ndiko uhai wa ukuta huo uliko. Kama fremu ni ya mbao, ipunguze miguuni, na ubao wa mlango nao.

Kwa nyumba inayofuata, chukua papi iliyonyooka, yaani ubao mwembamba mrefu, chora juu yake kozi zote pamoja na jointi, kisha chora mstari wa kigae mahali kigae kitakapokuwa. Utaona mapema kwamba jointi ya 15 badala ya 12 inakupa 2160, na fremu inaingia ikiwa na nafasi ya sentimita 1. Papi hiyo izunguke kona zote. Isiwe ya kona moja.

Fundi umeme amechimba ukuta wangu mlalo kutoka kona hadi kona. Ni sawa? (Dodoma)

Si sawa. Mfereji wa wima usizidi theluthi ya unene wa tofali, wa mlalo usizidi sudusi: kwa la inchi 6 ni sentimita 5 na sentimita 2 na nusu. Mlalo ndio hatari, kwa sababu unakata ukuta kama unavyokata mkate. Akate kwa grainda mistari miwili ndipo atoe katikati, asitwange kwa nyundo ukuta ambao mota yake ina wiki moja. Na umwambie asipitishe waya mbili ukuta uleule pande zote mbili, mgongo kwa mgongo.

Fundi bomba akija naye akataka kulaza bomba la inchi 4 la choo humo humo, mwoneshe mlango. Lipite nje, au lijengewe kisanduku chake.