Kabla Hujapanda Mkoko, Jua Maji Yanafika Wapi

Juzi usiku nilipata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa upande wa Kilifi. "Kaka, shikamoo. Sisi ni vijana 12, tumeanzisha kikundi cha mazingira. Kuna mfadhili yuko tayari kutulipia miche 5,000 ya mikoko, lakini anataka ipandwe kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Tuanzie wapi?"

Nilimwambia nitamjibu vizuri, kisha usingizi ukanipaa. Ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi mwenyewe mwaka 2017, neno kwa neno. Basi mdogo wangu, jibu lako ni hili, na nimeliweka hapa kwa sababu najua hauko peke yako.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka chuoni, nina cheti na sina kazi. Tukakusanyana vijana 15, tukaandikisha kikundi, tukapata mfadhili. Jina lake silitaji. Sharti lake lilikuwa miche 3,000, Jumamosi moja, wageni wakiwepo. Tukachagua uwanda wa tope ulio mbele ya kijiji, karibu na pale madau yanapofunga. Palikuwa peupe, panapendeza kwenye picha, na wageni wasingetembea mbali. Hizo ndizo sababu zetu tatu. Hakuna hata moja iliyohusu mti.

Siku tunapima mistari kwa kamba alipita nyanya mmoja wa mtaa wetu na mtandio wake wa kutandia uduvi. Akasimama, akatazama, akasema, "Mwanangu, hapo mimi natanda tangu niolewe, sijaona mti. Mti ungetaka kuota hapo si ungeshaota?"

Nikamjibu, "Nyanya, hii ni sayansi."

Nimeyarudia maneno hayo moyoni mara nyingi sana. Kumjibu mtu mzima vile, mbele ya wenzangu, juu ya bahari aliyoijua kabla mama yangu hajazaliwa! Naona haya mpaka leo.

Jumamosi ikafika. Hema, tishati, hotuba. Wageni walipanda kwa furaha, na wengine walizichomeka zile mbegu ndefu tulizotumia kama miche juu chini, ncha ya kuotea ikiwa topeni. Jioni tulirudi na tochi kugeuza zile tulizoziona. Wiki hiyo nilikuwa mtu mkubwa kijijini.

Miezi minne baadaye niling'oa mche mmoja niutazame kwa karibu. Majani mawili yaliyokuwa yamechipua yalikuwa yamefunikwa ukoga wa kijani, unateleza kama kamasi. Shina lilikuwa limejaa vidude vyenye magamba meupe, vimeng'ang'ania kuanzia chini hadi juu mpaka limepinda kwa uzito. Nilipolibonyeza likatoa maji meusi yenye harufu ya yai bovu. Nikang'oa wa pili, wa tatu, wa kumi. Mwisho wa mwaka tulihesabu 41 iliyo hai. Mwaka uliofuata hatukuhesabu tena.

Sababu ni rahisi, na ndiyo ile ile aliyoisema nyanya. Mkoko ni mti wa majini lakini si samaki. Unataka maji yaje na yaondoke, mizizi ipate hewa. Ule uwanda wetu uko chini mno. Maji yakipwa hapo hukauka kwa muda mfupi, na wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo tu, karibu haukauki kabisa. Tuliizamisha miche yetu wenyewe. Na chini ya miguu yetu tulikuwa tumekanyaga na kung'oa nyasi za bahari, ambazo ndizo malisho na maficho ya samaki wadogo. Tukaharibu kilichokuwepo kwa ajili ya kisichoweza kuwepo.

Afisa wa mfadhili alipokuja kukagua hakuuliza kwa nini. Aliuliza ngapi. Nilipomwambia, akasema mbele ya kikao kizima kwamba vijana wa Pwani hawana uchungu na kazi. Yeye ndiye aliyetupangia tarehe, tena bila kutazama jedwali la kujaa na kupwa kwa maji, lakini nilinyamaza. Kikundi kikavunjika. Wako waliosema nimekula pesa, na hadi leo zipo baraza mbili nikipita mazungumzo hukatika.

Nyanya hakuniambia "nilikwambia." Alikuja kunigongea asubuhi moja ya bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, maji yamepwa sana, akanichukua mpaka kwenye msitu wa upande wa pili wa mkono wa bahari. Alinionyesha kama mtu anayetambulisha jamaa zake. "Huyu mlilana, hukaa mbele, uso kwa uso na bahari. Nyuma yake mkoko wenyewe, na muia. Mkandaa wapenda huku juu, maji yamfikie mara chache. Na mchu ana nyumba mbili, mbele kule na nyuma huku." Nilikuwa na cheti, na sikuwa najua hayo. Wakataji wa boriti wa zamani, waliopakia majahazi kwenda Arabuni, waliyajua. Yeye aliyajua kwa sababu ya kaa na uduvi. Mimi nilijua neno "mikoko" tu, kana kwamba ni mti mmoja.

Baadaye nilifunga safari hadi Gazi, kule Kwale. Wengi mmesikia kuhusu Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji ulioanza mwaka 2013 wa kuuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo msitu wao unaihifadhi, na mapato yake yakaingia kwenye maji na shule. Mimi nilikwenda nikitaka kuona miche. Nilipotembea juu ya lile daraja la mbao la akina mama wa Gazi, linalopita ndani ya msitu, nikaona miti mikubwa. Eneo la mradi ni hekta 117 hivi, na iliyopandwa ni sehemu ndogo tu. Kubwa wanaloliuza ni ulinzi wa msitu uliosimama. Tena hata hicho kidogo hakikuota kwa Jumamosi moja, kwani majaribio ya kupanda Gazi yalianza miaka ya 1990. Na kwa kuwa watu lazima wapike na wajenge, wamepanda mivinje nchi kavu ili panga lipate pa kwenda. Nilirudi nyumbani kimya.

Kijijini kwetu kuna mabwawa ya chumvi yaliyoachwa zamani. Zamani pale palikuwa na mchu na mkandaa. Watu wa chumvi wakakata, wakajenga matuta ya udongo, wakaondoka. Pamebaki peupe, paking'aa chumvi, kwa miaka mingi, na vikundi viwili kabla yetu vilipanda pale vikashindwa. Safari hii sikuuliza nipande nini. Niliuliza nini kinazuia miti kurudi yenyewe. Jibu lilikuwa lile tuta, maji hayaingii.

Habari ya vibali nitaipita haraka, ila usiiruke wewe. Mikoko Kenya ni msitu wa serikali, na huwezi kuchimba wala kupanda bila kuzungumza na KFS, shirika la serikali la misitu, na chama cha jamii cha misitu cha eneo lako. Ilituchukua karibu mwaka.

Mwaka 2021 tulikuwa watu sita tu, wanne kati yao akina mama. Majembe na makarai, wikendi tatu. Tulikata tuta sehemu mbili, pale ambapo mkondo wa zamani ulipita, na wazee ndio waliotuonyesha. Bamvua likaja usiku. Tulisimama na tochi. Maji yalianza kama kamba nyembamba, yakajaza nyayo zetu, yakasambaa, yakaanza kulamba ile chumvi iliyoganda. Mama mmoja akalia, nami pia.

Wa kwanza kurudi walikuwa kaa, wale wenye gando moja kubwa. Mashimo yao yalitoboa tope lote, na mashimo ndiyo njia ya hewa. Kisha mbegu za mchu zikaanza kuelea kuingia, zimevua maganda, za kijani, bapa, zimelala kwenye mstari pale maji yalipoishia. Hakuna aliyezipanda. Leo mchu unanifika kifuani, na mizizi yake ya kupumulia imechomoza topeni kama penseli elfu. Sisi kwa mikono yetu tumepanda mikoko 200 tu, kando ya mkondo, kwa mbegu zilizokomaa zinazoanguka ukizigusa. Mwezi uliopita mchu wa kwanza ulitoa maua. Nyuki walikuwa juu yake. Ninajivunia hilo kuliko cheti changu.

Kwa hiyo mdogo wangu, najua unataka ninachokitaka mimi, pwani yenye miti na watoto wanaojua majina yake. Basi uliza kwanza. Uliza wavuvi, uliza akina mama wa uduvi na kaa. Mahali pasipowahi kuwa na mikoko, paache. Mahali palipokuwa nayo na haikurudi, tafuta kilichoizuia. Pengine ni tuta, pengine barabara iliyoziba mkondo, pengine udongo unaoteremka na mito, kama ule wa mvua za El Niño za 1997 na 1998 uliofukia mizizi kule Mwache, Mombasa, miti ikafa imesimama. Ukipanda juu ya tatizo, unalilisha miche.

Na tuache kuhesabu iliyopandwa. Tuhesabu iliyo hai baada ya mwaka, baada ya miaka mitatu. Wafadhili wengine wanasoma hapa, nawasihi nao: picha ya siku ya kwanza haiwezi kuzuia wimbi. Ukipewa pesa za watu na bahari ya Mungu, umepewa amana mbili, na zote utaulizwa. Usikubali tarehe ya mtu asiyejua bamvua ni lini. Ni vigumu kukataa pesa ukiwa huna kazi, nalijua hilo kwa mwili wangu. Mwambie akupe miezi sita.

Miche usiiguse kwa sasa. Kata vijiti kumi, vifunge kitambaa cheupe juu hadi chini. Maji mafu yakifika, vichomeke kwa mstari kutoka baharini kuja nchi kavu, pale mnapokusudia kupanda. Vichomeke vingine katikati ya mikoko iliyoota yenyewe iliyo karibu nanyi. Viangalie kila siku mpaka bamvua lipite, uandike maji yameloanisha kitambaa hadi wapi, na tope limekaa wazi kwa saa ngapi. Kisha nitumie picha ya mistari yote miwili. Nitakupigia simu, tuvisome pamoja kijiti kwa kijiti.