Maswali yenu: dozi ya jioni, Mlipuko Mkuu na pilau ya Iddi

Mhubiri ameniombea, akasema nikiwa na imani kweli niache dawa za kufubaza VVU. Nifanyeje? (Msomaji, Mwanza)

Naanza na hili kwa sababu haliwezi kusubiri. Usiache. Meza dozi yako leo jioni kwa saa ileile. Dawa imevilaza virusi, haijavimaliza, ukiiacha vinaamka. Paulo alimwita Luka tabibu mpendwa (Wakolosai 4:14), na Timotheo alipoumwa tumbo mara kwa mara alimshauri anywe mvinyo kidogo. Hakumwambia imani yake imepungua. Na tumeshaona mahubiri ya kudharau akili yanafika wapi: mwaka 2023 msituni Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Anayekuombea kisha akakuuliza kama umemeza dawa, huyo msikilize.

Mwalimu wa fizikia anasema ulimwengu ulianza kwa Mlipuko Mkuu. Mchungaji anasema siku sita. Nimwamini nani? (Kidato cha sita, Moshi)

Je, mwalimu amekwambia nadharia hiyo imeanzia kwa nani? Kwa padre. Georges Lemaître, Mbelgiji, alikuwa padre wa Kikatoliki na profesa wa chuo kikuu. Mwaka 1927 alichapisha hesabu zinazoonyesha kuwa ulimwengu unatanuka. Mwaka 1931 akaeleza kwamba ukiurudisha nyuma unaishia kwenye chanzo kimoja, kama atomu ya kwanza. Baadhi ya wanasayansi walimtilia shaka: habari yenyewe ilinukia Mwanzo sura ya kwanza! Papa Pius wa 12 alipoonyesha, mwaka 1951, kwamba sayansi hiyo inashuhudia uumbaji, aliyekereka ni Lemaître mwenyewe. Hakutaka nadharia yake itumike kumthibitisha Mungu wala kumkanusha. Nami niko upande wake. Nadharia hurekebishwa, na aliyejenga madhabahu juu yake atahamahama nayo kila zinapotoka hesabu mpya.

Sasa hizo siku sita. Fungua Biblia yako: jua linawekwa siku ya nne. Asubuhi na jioni tatu za mwanzo zilitoka wapi? Usidhani hilo ni swali la wapagani wa leo. Origen wa Alexandria, mwalimu wa Kikristo, aliliuliza karne ya 3. Halafu angalia jambo ambalo wengi hulipita: andiko halitaji hata jina la jua wala la mwezi. Linasema tu "mianga miwili mikubwa". Majirani wa Israeli walivipigia magoti vitu hivyo, na mwandishi anavitaja kama taa zilizotundikwa. Hapo ndipo palipo na ugomvi wake. Hakuwa akiandika notisi za fizikia, na mchungaji asimlazimishe.

Kwenye mtihani andika alichokufundisha mwalimu. Si dhambi.

Jirani yangu Mwislamu anasema Mungu wetu ni mmoja. Ni kweli? Na akinialika Iddi nile nyama aliyochinja kwa Bismillahi? (Tanga)

Wakristo Waarabu wa Misri na Lebanoni humwita Mungu "Allah" katika sala zao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1965 ulitamka kwamba Waislamu wanamwabudu Mungu mmoja, aliye hai, Muumba wa mbingu na nchi. Nakubali. Lakini usimdanganye jirani kwamba hakuna tofauti: sisi tunakiri Utatu na msalaba, Kurani inakana vyote viwili. Mnayemwelekea ni mmoja, mnayosema juu yake yanapishana, na si kidogo. (Wapo wachungaji watakaonipigia simu kwa sentensi hiyo. Namba ni ileile.)

Nyama kula. Paulo aliwaruhusu Wakorintho nyama ya sokoni bila kuuliza-uliza, na mji ule ulijaa mahekalu ya sanamu. Wewe ukimwalika Krismasi, mpe yeye kisu achinje.