Saa za kuingia na kutoka katika siku za lazima ofisini: maswali yenu

Tangu baadhi ya ofisi zilizowaachia wafanyakazi wafanyie kazi nyumbani wakati wa Uviko-19 zianze kuwarudisha kwa siku maalumu za wiki, maswali ninayopokea yamehama kutoka "nije au nisije" hadi "nifike saa ngapi". Majibu yangu yanaegemea Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara; msomaji wa Zanzibar aangalie Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005.

Ninaishi Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, na ofisi yetu ipo Posta, katikati ya jiji. Tunatakiwa kuwepo Jumanne hadi Alhamisi, saa mbili kamili asubuhi. Ninaamka saa kumi alfajiri na bado ninachelewa. Je, sheria inanipa haki ya kuingia saa nne na kutoka saa moja jioni?

Haikupi. Sheria inaweka mipaka: siku sita na saa 45 za kawaida kwa wiki, saa tisa za kawaida kwa siku, na hata zikijumlishwa saa za ziada mtu asifanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Ndani ya mipaka hiyo, saa ya kuanza kazi ni jambo la makubaliano kati yako na mwajiri. Lakini mlango haujafungwa, kwa sababu saa za kazi ni miongoni mwa maelezo ambayo mwajiri analazimika kukupa kwa maandishi, na yakibadilika anatakiwa ashauriane nawe, ayarekebishe na kukujulisha kwa maandishi.

Kwa hiyo usiombe "kuruhusiwa kuchelewa", maana anayeomba hivyo amekwisha kukiri kuwa ni mchelewaji hata kabla hajasikilizwa. Omba kubadilishiwa saa ya kuanza katika siku hizo tatu, taja saa ya kuingia na ya kutoka, onyesha kwamba jumla ya saa zako haipungui, kisha pendekeza majaribio ya mwezi mmoja. Ukikubaliwa kwa mdomo, mwandikie msimamizi siku hiyohiyo barua pepe ya mistari miwili ya kuthibitisha mlichokubaliana, kwa sababu wasimamizi huhamishwa na ahadi zao huondoka nao.

Mimi hukimbia foleni ya Kimara na kufika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kazi yetu ni saa mbili hadi saa kumi na moja. Naweza kutoka saa tisa na nusu?

Hesabu yako ni sahihi: saa mbili hadi saa kumi na moja ni saa tisa za kuwepo, ukiondoa saa moja ya mapumziko zinabaki nane za kazi, na nane hizohizo zinapatikana kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tisa na nusu. Lakini kuwahi kufika si kuanza kazi. Kama muda ule unautumia kunywa chai kwa mama lishe na kusubiri ofisi ifunguliwe, mwajiri hana deni nawe. Kubalianeni kwanza kwamba saa yako ya kuanza ni hiyo, na uwepo utaratibu wa kuithibitisha.

Nikiacha kula mchana, naweza kuondoka saa moja mapema?

Hapana. Anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anapaswa kupata mapumziko yasiyopungua dakika 60, na kufanya kazi katika muda huo kunaruhusiwa tu pale kazi isipoweza kuachwa bila mtu au kufanywa na mwingine. Kutaka kuwahi daladala si sababu.

Ninasimamia watu saba. Tuliporuhusu kila mtu achague saa yake, mmoja anaingia saa moja, mwingine saa tano, na vikao havifanyiki. Nirudishe saa mbili kwa wote?

Usirudishe, hapo kosa ni kutoweka saa za pamoja. Utaratibu huu wa saa nyumbufu, yaani wa mtu kujichagulia saa ya kuingia na ya kutoka, ulianzia Ujerumani mwaka 1967, katika kampuni ya kuunda ndege ya Bölkow huko Ottobrunn, nje kidogo ya Munich, na chanzo chake kingemfurahisha mkazi yeyote wa Dar es Salaam: foleni ya wafanyakazi waliokuwa wakifika wote kwa wakati mmoja. Walichokifanya ni kuacha ncha mbili za siku zilegee na katikati pakazwe. Kwa timu ya watu saba ningeweka saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri kuwa muda ambao kila mtu yupo, vikao vyote viwe humo, kuingia kuwe kati ya saa moja na saa nne, na kila mtu aitangaze saa yake kwa wiki nzima badala ya kuibadilisha kila asubuhi.

Halafu, tafadhali, angalia unavyopima. Katika ofisi moja niliyowahi kufanyia kazi, katibu muhtasi alikuwa akichukua rula kila siku saa mbili na robo na kupiga mstari mwekundu katika kitabu cha mahudhurio. Aliyesaini chini ya mstari aliandikiwa barua, hata kama alikaa mezani hadi saa moja usiku. Aliyesaini juu yake na kutoroka saa nane mchana alikuwa mfanyakazi hodari, kwa sababu safu ya kutoka hakuna aliyeisoma. Ukiruhusu saa nyumbufu na kuacha mstari ule, hujabadilisha kitu.

Nimerudi kutoka likizo ya uzazi na ninanyonyesha. Naweza kutoka saa tisa badala ya saa kumi na moja?

Sheria inamtaka mwajiri akuruhusu kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Haielezi zigawanywe vipi, kwa hiyo kuziweka zote mwisho wa siku ni jambo la kuafikiana. Kwa usomaji wangu, kwa kuwa zimo ndani ya saa za kazi, hutakiwi kuzifidia jioni.

Ninaingia saa sita mchana kwa hiari yangu na kutoka saa tatu usiku. Nadai saa za ziada?

Hudai, kwa kuwa saa zako za kawaida hazijazidi. Hata hivyo, kisheria usiku unaanza saa mbili, na kila saa ya kazi baada ya hapo ina nyongeza isiyopungua asilimia tano ya mshahara wa msingi. Tena una haki ya kupumzika saa 12 mfululizo, hivyo mwajiri asikuite kesho yake kabla ya saa tatu asubuhi. Ndiyo maana waajiri waangalifu huweka saa mbili kamili usiku kuwa mwisho wa muda wa kutoka.

Mimi ni wa mapokezi, na siku zetu za ofisini ni Jumanne hadi Alhamisi. Wenzangu wote wamepewa saa nyumbufu isipokuwa mimi. Ni haki?

Mlango lazima ufunguliwe na mtu. Lakini si lazima awe wewe siku zote tatu: pendekeza zamu na mwenzako wa masijala, wewe ufungue Jumanne, yeye Jumatano, na Alhamisi mpokezane wiki kwa wiki.