Gari ikikosa nguvu mlimani, anzia kwenye tenki kabla hujafungua pampu

Habari zenu wadau, hasa nyie wenzangu wenye Fuso za zamani mlizonunua mkononi kwa mtu. Mimi niko Kasulu, huu mwaka wa tisa nasukuma gari ya tani saba, nabeba maharage ya huku kwetu, chumvi ya Uvinza, mawese ya Kigoma, na safari nyingi naenda Tabora kupitia Malagarasi na Kaliua. Leo naandika kwasababu kuna pesa niliipoteza ambayo sitaki mwingine aipoteze, na kila wiki naona watu wanaipoteza vile vile.

Ilikuwa masika, nimepakia chumvi. Gari inawaka vizuri, sailensa (injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta) iko poa, kwenye tambarare inakimbia, lakini ikigusa mlima tu inaanza kushuka, gea ya tano, ya nne, ya tatu, mpaka inazima kabisa. Nikisimama kama dakika kumi nikiwasha tena inaondoka kama haijawahi kuumwa, alafu mlima unaofuata hadithi ni ile ile. Fundi wa kwanza akasikiliza nusu dakika akasema pampu kubwa ya dizeli imechoka. Tukaishusha pampu, ikapelekwa mashine ikapimwa, na nozeli zote sita (zile zinazopulizia dizeli kwenye silinda) zikabadilishwa, jumla na usafiri nililipa milioni moja na laki nane. Nikafunga, nikapakia, nikarudi barabarani, na gari ikazima mlima ule ule.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi pale Mwanga, Kigoma mjini. Hakushika spana kwanza, aliniuliza maswali tu.

"Ikizima ukikaa dakika kumi, inawaka yenyewe?"

"Inawaka mzee, tena vizuri."

"Sasa mwanangu, pampu iliyokufa inapona kwa kupumzika?"

Akachukua dumu la lita ishirini, akajaza dizeli safi, akachomoa mpira unaotoka tenki akaweka mpira mwingine kutoka kwenye dumu mpaka pampu ndogo ya kuvutia mafuta, na ule mpira wa marejesho nao akaurudisha ndani ya dumu (msisahau hili, usipofanya hivo mafuta yanarudi tenki na dumu linakauka haraka sana). Dumu likafungwa imara nje nyuma ya kebini, mbali na egzosti. Nikapanda nalo mlima wa kwenda Mwandiga na mzigo wangu wote, gari ikapanda na haikuzima!

Tukafungua tenki. Kwenye bomba la kunyonyea kulikuwa na kipande cha mfuko wa nailoni na tope laini limeganda kwenye kichujio chake. Mafuta ya kununua kwenye madumu njiani huja na vitu hivo. Injini ikiwa sailensa inahitaji mafuta kidogo kwahiyo yanapita, ikibanwa na mlima inavuta kwa nguvu na ule uchafu unanyonywa unaziba mdomo wa bomba, injini ikizima mvuto unaisha uchafu unaanguka, ndio maana ilikuwa "inapona". Kuosha tenki na kubadilisha filta mbili hakukufika hata laki mbili.

Kwahiyo ndugu zangu, gari ikikosa nguvu fuateni njia ya mafuta kuanzia nyuma kwenda mbele: kifuniko cha tenki (tundu lake la hewa likiziba tenki linajivuta ndani, ukifungua unasikia linavuta pumzi), bomba la kunyonyea, mipira, filta, alafu ndio pampu na nozeli. Pampu iwe ya mwisho, na fundi akikwambia pampu kabla hajagusa tenki mwombe kwa heshima afanye kipimo cha dumu. Ni kazi ya nusu saa.

Ugonjwa wa pili unaofanana na huo ni hewa. Mpira wa kati ya tenki na pampu ndogo ukichanika hauvuji mafuta nje, unavuta hewa ndani, ndio maana watu wanatafuta uvujaji chini ya gari hawauoni. Dalili yake gari ikilala asubuhi haiwaki mpaka upampu kwa mkono. Weka kipande cha mpira wa plastiki unaoonyesha ndani karibu na filta, washa, ukiona mapovu yanapita basi umeshaupata ugonjwa. Na zile washa za shaba (pete za kwenye maungio ya mabomba ya mafuta) usizirudishie zikiwa zimebonyea, nunua mpya, ni bei ya soda.

Moshi mweusi mlimani, kabla ya kulaumu nozeli toa filta ya hewa uiangalie. Vumbi la huku kiangazi mnalijua.

Sasa kuchemsha. Hapa naomba mnisikilize vizuri maana nimeona injini nzima zikifa. Gari ikichemsha kitu cha kwanza mafundi wengi wanatoa themostati (mlango mdogo unaofunguka kwa joto kupitisha maji kwenda rejeta) wanaitupa, wanasema nchi yetu ya joto haihitaji. Sikubaliani kabisa. Kwenye injini nyingi ile themostati ikifunguka inaziba pia ile njia fupi ya maji ya kurudi kwenye injini bila kupita rejeta, ukiitoa sehemu ya maji inazunguka humo humo na rejeta haifanyi kazi yake yote, na ukiwa huna mzigo injini inabaki baridi inakula mafuta. Ukitaka kuijaribu iweke kwenye sufuria ya maji, chemsha, uone kama inafunguka kabla maji hayajatokota. Ikifunguka irudishe.

Angalia rejeta kwa nje kwanza. Ukipita barabara za vumbi na nyasi, mbegu na wadudu wanajaa katikati ya rejeta na ile intakula (kipoza hewa inayoingia kwenye injini) iliyo mbele yake, ukisimama mbele ya gari huoni kitu. Pulizia upepo au maji kutoka upande wa injini kwenda mbele. Kaza mkanda wa feni. Baada ya hapo ndio uanze kuogopa gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake), na gasketi nayo ina dalili zake: asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa fungua kifuniko cha rejeta, washa, ukiona mapovu hayaishi, au ukikifunga mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu mapema kabla maji hayajapata moto, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Hapo simamisha gari. Ukiendelea kuongeza maji kila kituo mpaka Tabora utafika na hedi iliyopinda. Na kifuniko usikifungue kikiwa cha moto, nina utingo wangu ana kovu mkono mzima.

Springi nitasema kidogo. Ukifunga springi mpya, safari ya kwanza ikiisha kaza U-bolti (zile zinazobana springi kwenye ekseli) tena, zinalegea zikikaa. Zikilegea senta bolti, ile ya katikati ya springi, inakatika, ekseli inasogea, na utaona gari nyuma inatembea upande kama kaa na tairi zinaliwa.

Nati za tairi pia. Magari mengi ya Kijapani ya zamani, nati za upande wa kushoto zinafunguka kwa kuzungusha upande wa kulia, angalia herufi L na R kwenye vichwa vya stadi (bolti zinazoshika nati za tairi). Nimeshuhudia vijana wanaruka juu ya bomba la spana mpaka stadi zinakatika tatu kwa mpigo. Na tairi za nyuma za mbili mbili ukitaka kukaza nati ya ndani lazima ulegeze ya nje kwanza, vinginevyo unakaza ya nje tu na tairi ya ndani inacheza.

Betri: gari ni volti 24, betri mbili za 12. Ukichukua umeme wa redio kwenye betri moja, hiyo inabaki na njaa na mwenzake anashiba kupita kiasi, zote mbili zinakufa. Funga kifaa cha kushusha 24 kwenda 12.

Lile dumu mpaka leo nalibeba, na mpira wa mita tatu na klipu zake. Mwezi uliopita mbele ya Nguruka nikamkuta kijana amekwama na mzigo wa mahindi, ameshaanza kulegeza mabomba ya nozeli. Nikamwambia, "Dogo, acha kwanza hiyo spana." Tukaunga dumu, gari ikawaka na kutulia. Kurudi nyuma tukifuata mpira kwa mkono tukakuta umepasuka chini ya klipu, mahali jicho halifiki. Tukakata sentimita tano, tukafunga upya, akapampu, akawasha. Saa kumi na moja jioni akawa ameondoka kuelekea Kaliua.