Meno ya bandia, fangasi na "sabuni" ya bakteria

Nimesikia kuna bakteria wanaotengeneza sabuni ya kuzuia fangasi kwenye meno ya bandia. Ni kweli au porojo?

Ni kweli, ila neno sabuni nalitumia kwa kurahisisha tu. Jina lake ni bayosafaktanti. Ziko za aina mbalimbali: bakteria *Bacillus subtilis* hutoa safaktini, iliyojulikana tangu 1968. Bakteria *Pseudomonas aeruginosa* hutoa ramnolipidi. Na aina moja ya hamira hutoa soforolipidi.

Inamzuiaje fangasi?

Hapa ndipo penye utamu. *Candida albicans*, fangasi anayehusishwa sana na wekundu wa kaakaa chini ya meno ya bandia, kwanza lazima anate. Akriliki, yaani plastiki ya meno hayo, huonekana laini, kumbe ina vishimo na mikwaruzo ya kumtosha kujishikiza. Akishanata huzaliana na kujifunika kwa utando, na humo dawa humfikia kwa taabu. Molekuli ya bayosafaktanti ina upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia, kwa hiyo ikitangulia kutandazwa juu ya akriliki huubadilisha uso wake, na fangasi hukosa pa kushika. Baadhi pia hutoboa ngozi ya seli yake. Binafsi naona thamani kubwa iko kwenye kuzuia kunata, maana utando uliokomaa ni mkaidi mno.

Kwa kuwa ni ya asili, si ni salama?

Hata sumu ya nyoka ni ya asili. Huyo *Pseudomonas* mwenyewe huleta maambukizi, kwa hiyo ramnolipidi yake lazima isafishwe vizuri kwanza. Tena majaribio mengi yamefanywa maabara, kwenye vipande vya akriliki. Mdomoni kuna mate, chakula na msuguano wa kutwa nzima.

Bakteria wa mtindi nao wanatoa bayosafaktanti. Niloweke meno kwenye mtindi?

Usithubutu! Mtindi, hasa uliotiwa sukari, utamwandalia fangasi chakula.

Basi kwa sasa nifanyeje?

Yavue usiku. Yasugue kila siku kwa mswaki laini na sabuni ya maji. Dawa nyingi za meno huyakwaruza, na umeshaona mikwaruzo inamfaa nani. Maji yanayochemka huyapinda. Kaakaa likiwa jekundu, nenda kwa daktari wa meno hata kama haliumi, kwani mara nyingi haliumi, na uende na meno yenyewe: yasipokaa sawasawa, fangasi atarudi tu.