Kazi Zimepungua, Kiinua Mgongo Changu Nitakidai Vipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeajiriwa katika karakana ya samani kwa miaka sita na miezi minne. Tangu oda zilipokatika, mwajiri ametuambia tukae nyumbani hadi atakapotuita, na huu ni mwezi wa pili hatulipwi. Barua sijapewa. Mwenzangu ananishauri niache kazi, nikatafute kwingine. Je, nikiacha nitalipwa chochote?

Msomaji, Seremala

JIBU: Ndugu Msomaji, usiandike barua ya kuacha kazi kwa sasa. Malipo ya kupunguzwa kazini, yaani kiinua mgongo unachokiulizia, hudaiwa pale mwajiri anapousitisha mkataba kwa sababu kazi hakuna. Mfanyakazi akiusitisha mwenyewe, kwa kawaida hupoteza haki hiyo, na mwajiri asiye mwaminifu hufurahi sana watu wanapochoka kungoja na kuondoka mmoja mmoja. Mwandikie barua fupi yenye tarehe, useme kwamba uko tayari kufanya kazi, kisha umtake akujibu kwa maandishi kama amekusimamisha kwa muda au amekupunguza. Hakikisha unabaki na nakala iliyosainiwa na aliyeipokea.

Viwango vya malipo hutegemea sheria ya nchi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa anayepunguzwa mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliokamilisha, ilhali sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inataja siku 7 za mshahara wa msingi kwa mwaka, kwa miaka isiyozidi 10. Kwa utumishi kama wako, hesabu ya kwanza inaleta siku 90 na ya pili siku 42. Ile miezi minne haihesabiwi. Uingereza ina kanuni inayolihusu hasa jambo hili la kukalishwa nyumbani: mwenye utumishi wa miaka miwili, akikosa kazi na ujira kwa wiki 4 mfululizo, anaweza kumwandikia mwajiri kudai malipo, kisha akajiuzulu kwa utaratibu uliowekwa bila kuyapoteza. Muda wa kudai, hata hivyo, ni mfupi, kwa hiyo anayeendelea kusubiri simu ya bosi huweza kuukosa.

Zingatia pia kwamba notisi, siku za likizo ambazo hukuzichukua na mishahara ya nyuma ni madai mengine, nje ya kiinua mgongo. Ukiletewa karatasi yenye jumla moja na maneno "nimepokea stahiki zangu zote", omba mchanganuo kabla ya kutia saini. Na endapo mwajiri atakupa kazi nyingine inayokufaa, usiikatae kwa hasira, maana sheria ya Tanzania, kwa mfano, humnyima kiinua mgongo anayekataa kazi mbadala bila sababu ya msingi. Akikaa kimya, peleka nakala ya barua yako kwa afisa kazi au chama chako cha wafanyakazi.